MIZANI ILIPOTIKISIKA



Usiku wa kuamkia Alhamisi, 13 Agosti 2020, yapata saa mbili na robo, nilikuwa dukani hapa Mombasa nikifunga hesabu za siku. Mara mizani iliyoning'inia mbele yangu ikaanza kwenda huku na huku, wala hapana mkono ulioigusa. Mikebe ikagongana, na kiti kikatikisika chini yangu. Nikatoka mbio, nikaikuta njia imejaa watu: huyu atoa shahada, yule aita wanawe. Haukupita muda ila yote yakatulia, wala hatukusikia nyumba iliyoanguka.

Kulipokucha, mabarazani pakawa na kauli mbili. Wa kwanza walisema kwamba ng'ombe aliyebeba dunia amebadilisha pembe, au kwamba balaa hiyo imeletwa na madhambi ya watu fulani. Wa pili wakacheka, wakasema: haya ni maumbile tu, hayana la kutufunza.

Kauli ya kwanza haina asili katika Qurani wala katika hadithi sahihi. Mtikisiko ule, ambao nguvu yake ilikuwa karibu 6, ulianzia chini ya bahari ya Tanzania, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Ardhi ya Afrika Mashariki yapasuka polepole, milimita chache kwa mwaka. Miamba hukazana muda mrefu, kisha huteleza ghafla, na kuteleza huko ndiko tetemeko. Hiyo ni kanuni aliyoiweka Mwenyezi Mungu, na kuijua si kosa.

Na kauli ya pili je? Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume, naye ndiye mfiwa, alikataa. Akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Lakini hakuwaambia warudi kwenye shughuli zao: aliwaamrisha sala, dua na sadaka. Aliwaondolea uzushi, akawaachia mazingatio.

Nami natoa ushahidi juu ya nafsi yangu. Katika ule muda mchache sikukumbuka bidhaa wala faida. Nilimkumbuka mjane mmoja aliyeniuzia nazi zake, nami nikamzungusha miezi miwili, kila ajapo namwambia aje kesho. Usiku ule nikaazimia kumlipa. Asubuhi, nilipoiona ardhi imetulia, nafsi yangu ikaninong'oneza: ngoja mwisho wa mwezi. Wallahi, hapo niliogopa kuliko usiku. Nikafunga duka, nikamwendea kwake na haki yake.

Sura ya Zilzala, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni, yaanzia kwenye mtikisiko wa ardhi na kuishia kwenye uzani wa chembe ya amali. Basi mfanya biashara asiwe wa mwisho kuifahamu. Wewe uliyetoka mbio usiku ule, jiulize ulimkumbuka nani, kisha umlipe kabla khofu haijapoa. Usingojee ardhi itikisike mara ya pili.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuhesabu nafsi zetu kabla ya kuhesabiwa. Amin.