Boksi sikulichora mimi: Udhuru usiomwokoa muuzaji

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia biashara na kutuwekea mipaka yake. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (SAW), ambaye hata kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, na watu wa Makka walimwita Mwaminifu. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tunapoyakemea maovu ya sokoni, aghalabu maneno yetu huishia kwenye mizani. Tunamsema muuza mchele anayechezea mawe ya kupimia, na muuza mafuta aliyebonyeza kopo lake. Hilo ni sawa, maana Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imefunguliwa kwa onyo kali dhidi ya wanaopunja vipimo. Lakini masoko ya leo yamejaa bidhaa zisizopimwa kwa kilo wala kwa lita, na mnunuzi hana njia ya kuzijua ila kwa picha na tarakimu zilizo juu ya boksi. Je, huko hakuna kupunja?

Chukua mfano wa ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti ya waifai nyumbani, ofisini na siku hizi hata madrasa. Kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa anauza vifaa vya kompyuta Kariakoo, aliniletea swali baada ya darsa. Alisema anauza ruta ambayo picha ya boksi lake inaonyesha, upande wa nyuma, tundu la USB la rangi ya buluu. Ukifungua boksi, tundu ni jeusi, na ni la toleo la zamani. Chini kabisa ya boksi kuna maandishi madogo yasemayo kuwa picha ni ya mfano tu na bidhaa yaweza kutofautiana. "Ustadhi," akasema, "wateja wanaichagua kwa sababu ya lile tundu la buluu. Lakini boksi sikulichora mimi, linatoka kiwandani hivyo hivyo. Mimi nina dhambi gani?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na naamini wenye maduka wengi wanalo moyoni ila hawajalitamka. Kwa hiyo nimeona nilijibu hapa ili faida iwafikie wengi.

Kwanza tufahamu kinachouzwa. USB ni kipimo cha pamoja walichokubaliana watengenezaji, ili kifaa cha huyu kiweze kuchomekwa kwenye kifaa cha yule. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2000, na uwezo wake wa juu ni megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2008, na uwezo wake ni gigabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 10. Kanuni za toleo hilo zilipendekeza plastiki ya ndani ya tundu iwe ya buluu, ingawa hazikulazimisha. Ndiyo maana watu wamezoea kwamba buluu maana yake ni kasi.

Sasa fikiria madrasa iliyochangisha fedha kwa wazazi, ikanunua ruta hiyo. Makusudio yao ni kuchomeka diski yenye darsa zilizorekodiwa, tuseme gigabaiti 64, wanafunzi wazisikilize kwa simu bila kununua bando. Kwa hesabu ya karatasini, kuzihamisha darsa hizo kupitia tundu la 2.0 kunachukua karibu dakika 18. Kupitia tundu la 3.0 ni kama dakika 2. Kwa vitendo muda huzidi hapo, kwa sababu diski yenyewe na kichakataji cha ruta vina mwendo wao, lakini tofauti ya matundu hayo ndiyo iliyowafanya watoe pesa zaidi. Walilipia buluu, wakapewa nyeusi. Na tusisahau kuwa pesa hiyo ni sadaka ya watu.

Turudi kwenye udhuru wa kijana wetu. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba Bwana Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule mtu alijibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Tulitafakari jibu hilo. Mtu yule hakusema uongo. Mvua kweli ilinyesha, na si yeye aliyeinyesha. Ni kana kwamba anasema: boksi sikulichora mimi.

Bwana Mtume (SAW) hakubishana naye kuhusu mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholoa juu ili watu wakione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Hukumu basi haikusimama kwenye swali la nani aliyeleta kasoro. Ilisimama kwenye swali la nani aliyeijua kasoro akaacha kikavu kifunike kibichi. Kiwanda kimechora picha, sawa. Lakini wewe uliyefungua boksi na kuliona tundu jeusi kwa macho yako, ndiye unayejua unyevu uko wapi. Ukimwacha mteja aangalie picha na ukanyamaza, umeyageuza makosa ya kiwanda kuwa yako.

Wapo watakaosema: kunyamaza si kusema uongo. Hawa nawakumbusha hadithi nyingine iliyo katika Bukhari na Muslim, inayokataza kumfunga ngamia au mbuzi asikamuliwe kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ni mnyama wa maziwa mengi. Muuzaji wa mnyama huyo hatamki neno lolote. Kiwele ndicho kinachosema uongo kwa niaba yake. Pamoja na hivyo, Bwana Mtume (SAW) alimpa mnunuzi hiari baada ya kumkamua: akiridhika amchukue, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Ndugu zangu, kuna tofauti gani kati ya kiwele kilichojazwa na picha iliyopambwa?

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilipanua jambo hili. Imam Nawawi katika Minhaj amelinganisha na kiwele kilichofungwa tendo la kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha kuyafungulia wakati wa kuuza ili yaonekane yana nguvu. Mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini hakuliweka katika hukumu hiyo tendo la kumpaka mtumwa wino kwenye nguo ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sababu yake ni kuwa wino kwenye nguo ni dalili dhaifu, na mnunuzi alipaswa kuuliza.

Hapa kuna mafunzo mawili. Huenda mtu akasema rangi ya buluu ni kama wino ule, kwa kuwa kanuni hazikuilazimisha. Naona hoja hiyo ina uzito pale ambapo tundu lenyewe ni la buluu na uwezo wake ni mdogo. Haina uzito pale ambapo picha inaonyesha kitu na ndani kimo kingine. Na hata pale ambapo mnunuzi hapati haki ya kurudisha, hilo halimtoi muuzaji kwenye dhambi ya hadaa. Kadhi huhukumu yaliyo dhahiri, na Allah (SW) anajua yaliyo kifuani. Masheikh zetu wakiona vinginevyo, tuko tayari kujifunza.

Na hadaa hii haiko kwenye picha tu, iko pia kwenye majina na tarakimu. Mwaka 2013 jumuiya ya makampuni inayosimamia USB ililiingiza toleo la 3.0 katika jina la 3.1 kizazi cha kwanza, na mwaka 2017 likawa 3.2 kizazi cha kwanza. Kasi ni ile ile ya gigabiti 5 ya mwaka 2008. Kwa hiyo boksi linaweza kuandikwa 3.2 kwa herufi kubwa, na mteja akadhani amepata jipya. Mwaka 2022 jumuiya hiyo yenyewe ilielekeza kwamba bidhaa zitangazwe kwa kasi yake badala ya majina hayo. Vivyo hivyo ruta iliyoandikwa AC1200. Ile 1200 ni megabiti 300 za masafa ya kwanza zikajumlishwa na 867 za masafa ya pili, kisha zikakuzwa kidogo. Simu yako haiwezi kuzipata zote kwa pamoja. Ni kama kuuza mikokoteni miwili kwa kujumlisha mwendo wao.

Basi muuzaji afanye nini? Namjibu kijana wetu kwa mambo matatu. La kwanza, unalolijua liseme kabla ya kupokea pesa, wala usingoje kuulizwa. Bandika karatasi kwenye boksi: tundu ni USB 2.0. La pili, usilolijua usilithibitishe. Neno "sijui, tufungue tuangalie" halijamfilisi mtu. La tatu, mteja akirudi na hoja ya kweli, mpokee. Yale maandishi ya kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi hayakulindi kwa kasoro uliyoijua ukaificha. Minhaj hiyo hiyo inaeleza kuwa sharti la muuzaji kujivua na kasoro linamfaa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si zaidi ya hapo. Ruta si mnyama, na wewe ulijua.

Mnunuzi naye asijitoe. Uliza toleo la USB na uone limeandikwa kwenye orodha ya sifa, usitosheke na picha. Uliza tundu ni la kazi gani, maana mengine ni ya modemu au printa tu, na mengine ni ya kuingizia umeme. Angalia namba ya toleo la kifaa chini ya ruta, kwa sababu jina moja linaweza kubeba vifaa tofauti. Chungulia ndani ya tundu: la 2.0 lina pini 4, la 3.0 lina pini 9. Ukigundua kasoro rudi mara moja, kwani kuendelea kukitumia ni dalili ya kuridhika.

Atasema mfanyabiashara: nikisema ukweli wote, mteja atavuka kwenda duka la jirani ambaye hasemi. Simlaumu kwa hofu hiyo. Kodi ya fremu inamsubiri na watoto wanataka ada. Lakini Hakim bin Hizam (RA) amepokea kutoka kwa Bwana Mtume (SAW) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Faida unaweza kuihesabu jioni ukifunga duka. Baraka haimo kwenye daftari hilo, na ikiondoka huijui mpaka uone pesa zinaingia na hazikai.

Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Ni aibu Tume ya serikali ituzuie jambo ambalo Mtume wetu (SAW) alilikemea kwa kutia mkono wake ndani ya lundo karne 14 zilizopita.

Ndugu wenye maduka, mkono ule haupiti tena sokoni. Lakini kuna siku kila boksi litafunguliwa, na hakutakuwa na maandishi madogo chini yake. Tunamuomba Allah (SW) atupe rizki ya halali, atutosheleze nayo, na aziepushe ndimi zetu na nyamaza zetu na hadaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.