Nuru Inayofika Garsen

Januari usiku, umeme ukikatika Garsen, kijiwingu hafifu huonekana chini angani upande wa Malindi. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota ambalo nuru yake husafiri takriban miaka 160,000 kabla ya kufika Mto Tana. Muumini aliyefundishwa kwamba ulimwengu una miaka elfu sita afanyeje na hesabu hiyo?

Barry Setterfield wa Australia alitoa jibu. Mwaka 1987, yeye na Trevor Norman walidai kwamba zamani nuru ilikwenda kasi zaidi, kisha ikapungua. Walitegemea vipimo vya kale, tangu vya Ole Rømer mwaka 1676, ambavyo havikuwa sahihi sana.

Wazo lenyewe si la kubezwa. Watu wa Tana wanajua kwamba hata mto huhama: ziwa Shakababo ni kipande cha mkondo wa zamani, na mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 uliyapeleka maji Kipini. Lakini mto ukihama huacha alama, na nuru nayo ingeacha.

Alama hiyo imetafutwa. Februari 1987 watu waliona nyota ikilipuka ndani ya wingu lile lile. Mng'ao wake ulififia kwa mwendo wa kobalti-56, ambayo nusu yake huoza kila siku 77, sawa na maabarani. Kama nuru ingeondoka kwa kasi kubwa ikapunguza mwendo njiani, tukio zima lingeonekana likijikokota. Halikujikokota.

Wapo wanaosema Mungu aliiumba nuru ikiwa tayari njiani. Hapo pana hatari kubwa zaidi kwa imani, kwa sababu mlipuko ule ungekuwa habari ya nyota ambayo haikuwapo kamwe. Anayemwamini Mungu kuwa mkweli hawezi kulipokea hilo kwa wepesi.

Al-Ghazali, mwanatheolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba moto huunguza pamba kwa desturi aliyoiweka Mungu, wala si kwa lazima. Basi kasi ya nuru ingeweza kuwa nyingine. Kama ilikuwa hivyo, ni jambo la kuchunguzwa. Mwaka 1999 wanafizikia Andreas Albrecht na João Magueijo walipendekeza kwamba nuru ilikimbia zaidi mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, kabla nyota yoyote haijawaka. Dhana yao bado inasubiri ushahidi.