Kilio cha Wafanya Kazi (Yakobo 5:4)

Neno hili la Yakobo twalisoma sana wakati wa mavuno, tukimfikiria tajiri aliyemnyima kibarua ujira wake. Lakini katika nchi ya Marekani walikuwako watu waliolipwa ujira mwema, na hata hivyo walilia.

Tangu mwaka 1917 wasichana waliajiriwa katika kiwanda kimoja mjini Orange, New Jersey, wapake nyuso za saa rangi yenye radiamu, ipate kung'aa gizani. Walifundishwa kuitia brashi midomoni, iwe na ncha nyembamba. Walipouliza kama rangi ina madhara, waliambiwa haina. Nao wakasadiki, kama mtu amsadikivyo bwana wake. Kumbe radiamu ikiisha kumezwa huingia mifupani, hukaa humo, huchoma pole pole. Miaka ikapita, meno yakang'oka, taya zikaoza, mifupa ikavunjika. Mmoja, Mollie Maggia, alikufa mwaka 1922, na hati ya kifo chake ikamwandikia ugonjwa wa zinaa. Fikirini, ndugu, aibu waliyoachiwa jamaa zake! Mwaka 1927 maiti yake ilifukuliwa. Mifupa ikaonekana ina radiamu, wala dalili ya ugonjwa ule haikuwamo.

Grace Fryer alitafuta wakili muda wa miaka miwili, mpaka Raymond Berry alipokubali mwaka 1927. Wanawake watano wakashitaki. Kampuni ikajibu kwamba sheria humpa mdai miaka miwili tu tangu alipoumizwa, na miaka hiyo imekwisha kupita.

Twamwomba msomaji alitazame vema jibu hili. Ugonjwa wenyewe ulikawia miaka kabla ya kujionyesha. Mtu atadaije jeraha asilolijua bado? Tena radiamu haipungui hata nusu mpaka ipite miaka 1600 hivi. Basi jeraha lile halikuwa jambo la kale. Lilikuwa likitendeka siku ile ile waliposimama mbele ya hakimu, wale walioweza kusimama. Juni 1928 walipatana nje ya hukumu: dola 10,000 kila mmoja, na 600 kila mwaka, na gharama za matibabu. Walikuwa wamedai 250,000. Kampuni haikukiri kosa.

Sisi wachungaji, walimu na wazee wa usharika, jibu la kampuni ile si geni kwetu. Mjane aja barazani na neno la shamba la marehemu, nasi twamwuliza, "Mbona hukusema wakati ule?" Twaona tumeamua kwa utaratibu, kumbe tumemfungia mlango. Tumepata kufanya hivyo, nasi twaungama.

Huko Ottawa, Illinois, katika kiwanda kingine cha rangi hiyo, alifanya kazi Catherine Donohue. Februari 1938 alizimia katika baraza la shauri, alipotambua kwamba hataponea. Basi wasikilizaji wa shauri wakamwendea nyumbani, akatoa ushuhuda wake amelala kochini. Wakili wake, Leonard Grossman, hakumtoza ada. Alishinda, na kampuni ikakata rufani tena na tena, mpaka Oktoba 1939 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza. Catherine alikuwa amekwisha kuzikwa tangu mwaka uliotangulia, alipofariki mwezi wa Julai.