Nyumba ni Yako. Je, na Jirani ni Wako Kumchagua?

Ndugu msomaji, mtu akijaliwa kupata nyumba ya peke yake, isiyoshirikiana ukuta na nyingine, hujiona amepata mamlaka. Mlango ni wake, kiwanja ni chake. Haki hiyo hatuibishi. Swali letu ni hili: je, inaishia mpakani mwa kiwanja, au inampa pia neno juu ya nani akae nyumba ya pili?

Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga juu ya mashamba ya viazi huko Long Island, nje ya jiji la New York, na kufikia mwaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba zaidi ya 17,000, kila moja peke yake katika kiwanja chake. Familia nyingi za askari waliorudi vitani zilipata makao mema kwa bei nafuu, wala jambo hilo halifai kudharauliwa. Masharti yalikataza kujenga ua kati ya nyumba na nyumba. Lakini mkataba wa kwanza ulikataza pia nyumba kukaliwa na asiyekuwa Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Tafakari, msomaji: ua wa mbao ulikatazwa, ua wa rangi ya ngozi ukaandikwa! Na mtu mweusi aliruhusiwa kuingia, maadamu amekuja kufua na kupika.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitekeleze masharti ya namna hiyo. Walakini desturi iliendelea. Agosti 1957 William Myers na mkewe Daisy, watu weusi, walihamia na watoto wao watatu katika Levittown nyingine, ile ya Pennsylvania. Myers mwenyewe alikuwa askari wa zamani, na nyumba waliinunua kwa halali. Umati ulikusanyika usiku baada ya usiku. Mawe yakarushwa, kioo cha dirisha kikavunjika. Hata polisi wa jimbo na amri ya mahakama vikahitajiwa.

Huenda mtu akasema: “Si wote waliokuwa na chuki, wengine walihofia tu bei ya nyumba zao itashuka.” Hoja hii yastahili jibu, kwa kuwa ndiyo hoja ya watu wapole. Bei hushuka kwa sababu gani? Si Myers aliyeishusha kwa kukata majani ya uwanja wake. Hushuka kwa kuwa wengi wanakimbia, nao wanakimbia kwa kuhofia itashuka. Basi hasara wameitengeneza wenyewe, kisha wanamdai mwingine ailipe! Na hata ingekuwa hasara ya kweli, mwenye duka naye hupata hasara duka la pili likifunguliwa, wala hatumruhusu kulichoma.

Qur'ani Tukufu inapoamuru wema kwa majirani, inamtaja jirani wa karibu na jirani mgeni pamoja. Haikuweka sharti la kabila wala la faida.

Ubavuni mwa akina Myers alikaa Lewis Wechsler, Myahudi, ambaye pamoja na mkewe alisimama nao waziwazi, hata nyumba yake ikapakwa rangi herufi za KKK. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuvuka majani yale. Angeweza kufunga pazia. Yeye pia alikuwa na nyumba, na bei yake ilikuwa hatarini sawasawa na za wengine.