Nyuzi Sita, Vidole Viwili

Kila siku malori ya shaba kutoka miji ya migodi ya Katanga, nchini Kongo, hupita Mafinga. Huingia nchini kwa Tunduma, hupanda Mbeya, hushuka hadi Makambako, kisha huukata mji wetu yakielekea Iringa na bandari ya Dar es Salaam, huku mipaina ya Sao Hill ikiyatazama. Shaba hiyo hutupita tu. Lakini miji hiyo hiyo ya migodi ilitoa kitu kingine zaidi ya miaka 70 iliyopita, nacho hakikupita. Kiliingia majumbani, kikakaa. Ni sauti za vijana wawili, binamu, na magitaa yao.

Mkubwa ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mdogo ni Edouard Masengo. Walipiga na kuimba kila mmoja kwa jina lake, na mara nyingine pamoja. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti, alimkuta Mwenda akipiga gitaa mtaani huko Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Akamnasa. Kati ya vilivyonaswa ni wimbo wa Masanga, na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikazisambaza santuri hizo kwa nembo ya Gallotone. Hazikutoka kama albamu tunayoijua leo. Kila upande wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Lakini zile za mwanzo, ukizisikiliza mfululizo, zinakaa kama kitabu kimoja chenye sura fupi fupi.

Baba yangu mdogo alikuwa nazo chache. Mimi nilikuwa mtoto, na sikujua Katanga iko upande gani. Nilijua tu kwamba gitaa likianza, watu wazima walinyamaza, na mtu aliyekuwa akisuka ukili aliuweka magotini. Tangu hapo nimesikia muziki mwingi wenye vyombo vingi, na nimeupenda. Huu bado hunigusa mahali ambapo mwingine haufiki, nami naamini sababu yake si ujana wangu peke yake. Sababu iko katika namna tulivyoumbwa.

Tuanze na vidole. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene, taratibu, likishika mwendo. Cha shahada kilicheza kwenye nyuzi nyembamba, kikienda kwa hesabu nyingine: mahali gumba linapohesabu mbili, chenyewe kinahesabu tatu, na vyote viwili vinakutana tena pale pale vilipoanzia. Anayesikia Masanga kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft aliichambua miaka ya mwanzo ya 1960, noti kwa noti, na kurasa zake zinaonyesha jinsi mambo mengi yalivyosongamana katika dakika zile chache. Mikono hiyo haikusoma shule ya muziki. Mungu ameweka katika mkono wa mwanadamu uwezo wa kugawanyika, nusu ikaenda huku na nusu kule, na katika kichwa cha msikilizaji ameweka uwezo wa kuziunganisha nusu hizo zikawa kitu kimoja. Bila kichwa hicho, mkono ule ungetoa kelele tupu.

Halafu kuna mti. Sisi wa Mafinga tunaishi kwa mbao. Shamba la Miti Sao Hill lina zaidi ya hekta 130,000, na mtu akiamka hapa, juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huvuta harufu ya utomvu kabla hata ukungu haujapanda. Tunaupima mti kwa unene na urefu: nguzo, boriti, papi. Mara chache tunakumbuka kwamba ndani ya ule ubao kuna mirija midogo mno, myembamba kuliko unywele, iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ubao ukikauka mirija hubaki mitupu, myepesi na migumu, na sauti hukimbia kwa kuifuata. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Katika ubao mwepesi na mkavu wa jamii ya misonobari, ukifuata nyuzi za mti, huenda zaidi ya mara kumi ya hapo. Ndiyo maana mafundi wa magitaa duniani huchagua miti ya jamii hiyo kwa uso wa gitaa. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya maji imekuwa njia ya wimbo, na aliyeitengeneza alijua tangu mwanzo kwamba itafaa kwa vyote viwili.

Wahehe hawakungoja gitaa kulijua hilo. Ligombo lao, gogo lililochimbwa na kuvutwa nyuzi, lilikuwa likiimba katika milima hii muda mrefu kabla santuri ya kwanza haijafika.

Na santuri zenyewe! Zile za miaka ya 1950 hazikuwa plastiki. Zilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, na lakiri hiyo hutoka kwa mdudu. Ni mdudu mdogo wa India na nchi jirani zake, afyonzaye utomvu wa mti na kujifunika kwa gamba analolitoa mwilini mwake ili alinde mayai yake. Watu hukwangua gamba hilo kwenye matawi, huliyeyusha, hulisafisha. Basi fikiri: kijana wa Bunkeya anapiga gitaa, pumzi na mguso wake vinachongwa juu ya gamba la mdudu wa Asia, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, na mtoto wa Mafinga analia bila kujua kwa nini. Viumbe hawa hawakuwahi kukutana. Aliyewakutanisha ni mmoja.

Sauti ikifika sikioni, maajabu yanaongezeka. Kiwambo cha sikio hutikisika, na kwa sauti ndogo kabisa tunayoweza kuisikia mtikisiko wake ni mdogo kuliko upana wa atomu moja. Mifupa mitatu, midogo kuliko yote mwilini, huupokea mtikisiko huo na kuupeleka ndani, kwenye mfereji uliojikunja kama konokono. Humo zimepangwa chembe zenye vinyweleo, 15,000 hivi kwa kila sikio, kila moja na zamu yake: hizi za sauti nene, zile za sauti nyembamba. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kwa hiyo gitaa moja tulivu na sauti mbili zisizopiga kelele ni heshima kwa chombo hicho. Kila uzi unasikika ukianza, unasikika ukififia, na kati ya noti na noti unasikia kidole kikihama.

Sasa zije sauti mbili. Hapa ndipo moyo wangu unapokaa. Binadamu wawili wakiimba pamoja, wimbo haupendezi kwa sababu tu wanafuatana. Unapendeza kwa sababu mitetemo yao inakaa kwa uwiano: ya juu ikitetema mara tano wakati ya chini inatetema mara nne, sikio linaridhika, kana kwamba limefika nyumbani. Watu wa Katanga na Zambia wamezoea tangu zamani kuimba hivyo, sauti ya pili ikitembea sambamba na ya kwanza, haiiachi wala haiipandi. Na ndugu wa damu wana zaidi. Koo, kinywa na njia za pua hurithiwa kama macho yanavyorithiwa. Matamshi na mahali pa kuvuta pumzi hujifunzwa kwa pamoja toka utotoni. Mwenda na Masengo wanapokutana katika wimbo, huwezi kusema mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Huo ndio ukaribu unaonaswa, nao hauzeeki, kwa sababu kila atakayezaliwa atakuja na hamu ya kuwa karibu na mtu hivyo.

Kwetu kuna jambo la ziada. Wanaimba Kiswahili. Ni Kiswahili cha Katanga, chenye mikato yake, lakini bibi wa Ifunda akisikia anaelewa. Na tukienda nyuma zaidi, Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, mwana wa Unyamwezi aliyevuka kwenda huko katika karne ya 19 na kusimamisha dola ya Wayeke. Jina Mwenda lilikuwa la Msiri mwenyewe, naye mpiga gitaa alijiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1891, Agosti, Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani Lugalo, karibu na Iringa. Desemba ya mwaka huo huo Msiri aliuawa na wazungu waliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Nchi mbili zilizojeruhiwa pamoja. Miaka 60 hivi baadaye, kutoka upande mmoja wa jeraha ukaja muziki huu mpole.

Ulitembea. Masengo alihamia Nairobi miaka ya 1950, na Mwenda akamfuata kwa muda, akawa na kipindi redioni. Vijana wa Kenya magharibi wakaanza kupiga kwa vidole namna hiyo. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Na kampuni ile ile ya Gallo iliuza magitaa ya bei nafuu hadi Uingereza: moja lilikuwa mikononi mwa kijana John Lennon huko Liverpool, Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Urafiki mwingine wa sauti mbili ulizaliwa juu ya ubao uliotoka Afrika.

Watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akisikiliza wimbo aupendao, ubongo wake humwaga kemikali iitwayo dopamini, na sehemu yake moja huanza kuimwaga kabla kipande kinachopendwa hakijafika. Tumeumbwa kungojea. Nasikia hilo kifuani mwangu kila ninapoweka Masanga: gumba linazunguka, nami najua tayari mahali kidole kitakapoingia, na furaha inanitangulia.

Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Nyimbo za vijana wale zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, na nyingi zimetolewa upya. Lakini nina hakika zipo nakala za kwanza katika masanduku ya nyumba za Mafinga, Njombe, Tukuyu na Iringa mjini. Aliye nazo asizilaze moja juu ya nyingine. Azisimamishe wima, mbali na jua na moshi wa jikoni, maana lakiri ikipata joto hupinda na ikianguka huvunjika vipande. Na azishike kwa ukingo, kwa mikono mikavu.