Moyo wa Mwanafunzi wa Uuguzi

Usiku mmoja tulikaa hospitalini, hapa Kivu, kumlinda ndugu yetu mgonjwa. Kitanda cha tatu kutoka kwetu alilala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Damu ilitafutwa, ikachelewa, na kabla jogoo hajawika mtoto akafa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa staji siku zile ndiye aliyemfunika. Kisha akatoka nje penye bomba, na punde tukasikia yeye na wenzake wanacheka. Mama wa mtoto alisikia pia.

Asubuhi tulimwita kijana yule, tukamgombeza kama mtu asiye na moyo. Hakujibu neno. Mwenzake ndiye aliyetuambia baadaye: huyo alikuwa maiti wa tatu mikononi mwake juma lile, naye tangu wa kwanza alikuwa hali chakula sawasawa. Tuliona haya. Tulikihukumu kicheko pasipo kuuliza kimetoka wapi.

Tangu hapo neno hili latusumbua: je, mwenye kujifunza kazi ya kuuguza aufunge moyo wake ili aweze kazi, ama auache wazi hata umwangushe? Walimu wengine husema waziwazi, «Funga moyo, la sivyo hutaweza.» Tusiwalaumu upesi. Macho yaliyojaa machozi hayauoni mshipa wa kuchoma sindano. Lakini moyo si mlango wa ghala, wa kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Aliyezoea kutosikia kilio cha wagonjwa, nyumbani kwake pia hasikii.

Wala jambo hili si letu Wakongo peke yetu. Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo cha udaktari cha Jefferson, mjini Philadelphia, Marekani. Miaka miwili ya kwanza wanafunzi walibaki na huruma yao. Mwaka wa tatu, walipoingia kwa wagonjwa, ikashuka. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya ukubwa wa kushuka huko. Sisi latushangaza jambo moja: huruma ilipungua palepale ilipoanza kuhitajiwa.

Wazee husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ikiwa ndivyo, kijana mwenye afya atajuaje maumivu ya mgonjwa? Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, waliougua walikuwa zaidi ya 3,400, na waliokufa zaidi ya 2,200. Wauguzi walijifunika mwili mzima, hata mtoto asione uso wa yule anayemlisha. Basi huko Beni na Butembo waliitwa watu waliokwisha kupona Ebola, wenye kinga mwilini, wakawabeba na kuwalea watoto wa wagonjwa. Hao walikuwa wamekilalia kitanda kile.

Lakini hatuwezi kungoja kila mwanafunzi augue kila ugonjwa. Kwake imebaki njia moja, kuuliza. Aliyelala kitandani yupo, na kinywa anacho. «Mama, usiku umelalaje?» Kisha angoje jibu. Kuhurumia si kuyafanya maumivu ya mwingine kuwa yangu. Anayefanya hivyo huzama pamoja na mgonjwa wake. Ni kukubali kwamba ni yake, na kutaka kuyajua.

Tena lipo lingine linalokausha huruma, nalo si kifo. Mama amejifungua vema, amepona, lakini azuiliwa hospitalini kwa kukosa kulipa, na pengine mwanafunzi ndiye atumwaye kuangalia asitoroke. Kijana huyo tumfundishe upole kwa maneno gani? Hapo anayepaswa kwanza kufundishwa si yeye.

Kwetu mtu akifiwa hakai peke yake. Majirani huja, huketi chini, hulala palepale. Mwanafunzi wa staji hana kilio. Anaosha mikono, anajaza kitabu, anaitwa kitanda kingine. Twasadiki kwamba huruma nyingi haimwui kijana. Upweke ndio unaomwua. Anamsikiliza kila mtu, wala hakuna anayemsikiliza yeye, na mwisho masikio yake yanafungika yenyewe.

Kijana yule tuliyemgombeza sasa ni mwuguzi mkubwa, naye huwapokea wanafunzi wa staji. Mgonjwa akifa, huwakusanya robo saa chini ya paa, karibu na bomba lile lile, akamwuliza kila mmoja: marehemu aliitwa nani, alikuambia nini, na wewe umekula? Mkubwa mmoja alinung'unika kwamba kazi inasimama. Hakuacha. Siku moja tulipita hapo tukawakuta. Wawili walikuwa wakilia, mmoja akachekesha wenzake kwa neno fulani, wakacheka wote. Safari hii tulisalimu tu, tukapita.