Kwa Nini Vita Huimbwa?

Mgeni akishuka Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hakosi kusimuliwa habari ya vita vifupi kuliko vyote duniani. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Akaamriwa atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi tarehe 27. Hakutoka. Manowari zikapiga mizinga, na baada ya dakika 38, au 45 kama wasemavyo wengine, vita vikawa vimekwisha, naye Sayyid Khalid amekwisha kimbilia kwa balozi mdogo wa Kijerumani. Watu husimuliwa hayo wakacheka.

Lakini katika jumba lile na pembezoni mwake watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja. Je, msomaji mpenzi, umepata kusikia jina la hata mmoja wa wale 500? Mbele ya mji, katika kisiwa kidogo cha Chapwani, wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Hao wanalo kaburi linalojulikana, na ni haki yao. Wale wa 1896 wamebakiwa na dakika tu.

Hapa ndipo linapozuka swali letu. Shairi la vita ni kitu gani, na kwa nini mtu mwenye akili zake aketi kupanga vina juu ya damu ya wenzake? Wako watu wema wanaochukizwa na jambo hili. Wasema kwamba kukipamba kifo kwa mizani ni kama kumvika maiti mavazi ya arusi. Neno lao si la kupuuzwa, maana yako mashairi ambayo ni silaha kama upanga ulivyo silaha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga katika miaka ambayo Wamazrui walishindana na Sayyid Said wa Unguja. Alikuwa fundi mkubwa, na tungo zake za vita ziliwatia watu wake moyo na kuwakejeli maadui. Hata hivyo Sayyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837, na Muyaka akaishi kuyaona hayo kwa macho yake.

Lakini lipo shairi la namna nyingine. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja aliwakodisha Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa zamani, utawala wa pwani ya Mrima. Watu wa Pangani na miji mingine wakaasi, na vita vikaendelea hata Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Habari hizo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alizitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ajabu ya utenzi ni umbo lake: vipande vinne katika kila ubeti, mizani nane katika kila kipande, na kina cha mwisho kile kile tangu mwanzo hata tamati. Msikilizaji hukingojea kina hicho kila ubeti, naye mwimbaji kwa kukifuata hasahau lililo mbele. Hemedi hakuwa upande wa washindi. Barua na taarifa za washindi ziliandikwa na wenyewe. Kama yeye asingalitunga, maneno ya watu wa Mrima yangalikwenda na wazee wao.

Nasi tunaosoma Maandiko tunaujua mfano ulio mkubwa kuliko huo. Sauli alimwinda Daudi miaka mingi apate kumwua. Alipoanguka Sauli juu ya mlima wa Gilboa pamoja na Yonathani mwanawe, Daudi hakuimba ushindi. Alitunga maombolezo, akaamuru wana wa Yuda wafundishwe. Angaliweza kunyamaza, na hapana mtu angalimlaumu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye kipimo cha kuwajibu wale wanaochukizwa: tulitazame shairi linamfanya nini adui aliyekufa. Likimwacha bado ni mtu, mwenye mama yake na wenziwe, halikukipamba kifo.

Jambo hili si la kale tu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, siku ile ile huitwa ukombozi katika nyumba moja ya Unguja, na katika nyumba ya pili huitwa msiba. Kila nyumba ina wafu wake na jinsi yake ya kuwataja, mara nyingi kwa sauti ya chini, watoto wakiisha lala. Sijui kama yupo leo mshairi mwenye kifua cha kuwaweka wote katika utenzi mmoja, wenye kina kimoja cha mwisho. Akipatikana, hatapendwa upesi na nyumba yo yote.

Na yule mgeni wa Forodhani, apewe dakika zake 38, kwa kuwa ndizo alizozijia. Ila aambiwe na ile hesabu ya pili, kabla hajamaliza kucheka.